Wadudu kwenye mayungiyungi: mkono, sabuni, mwarobaini, pareto au dawa ya kupenya?

Ingia agroveti Nakuru au Kisumu, useme maua yako yana wadudu. Mara nyingi utaulizwa una pampu ya lita ngapi, kisha chupa inashushwa kutoka kwenye rafu. Swali lililostahili kutangulia ni: wadudu gani? Mtu anaweza kumaliza chupa nzima ya dawa kali huku mdudu wake akiendelea kula kwa raha, kwa sababu dawa ile haikumfikia au haikutengenezwa kwa ajili yake.

Mayungiyungi ninayoyazungumzia hapa ni kwa ile maana pana ya wauza miche wa barabarani: arum nyeupe, amarilisi, krinumu, agapanthasi ya buluu, na lili za matunguu zinazouzwa kwenye vyungu. Kibotania si ukoo mmoja, lakini wanaoyashambulia ni karibu wale wale.

Mtambue kwanza

Kwenye arum, chungulia pale jani jeupe la ua linapojikunja, karibu na kijiti cha manjano. Vidukari hupenda kujibana chini kabisa, wa kijani au weusi, na wakishakaa siku kadhaa utaona maganda yao meupe yametapakaa na majani ya chini yananata. Kinachonata ni maji matamu wanayoyatoa, na baadaye ukungu mweusi huota juu yake. Sisimizi wakipanda bua kwa msururu, usiwalaumu kwamba wanakula ua. Wanachunga vidukari wapate yale maji, na kuwafukuza wadudu ambao wangewala.

Thripsi ni wembamba, milimita moja au mbili tu. Kung'uta tumba la ua juu ya karatasi nyeupe uone vijistari vikitembea. Petali huwa na michirizi ya rangi ya fedha yenye nukta nyeusi, kisha kingo hukauka. Vidung'ata ni wale wa pamba nyeupe wanaojificha majani yanapokutana na tunguu, hasa kwenye amarilisi na agapanthasi. Utitiri si mdudu kwa hesabu za wataalamu, kwani una miguu minane, lakini shida yake ni ile ile: jani linajaa vidoa vya manjano, chini yake utando mwembamba, zaidi wakati wa kiangazi cha Januari hadi Machi na kwenye vyungu vilivyo chini ya paa mvua isikofika.

Mbaya kuliko wote kwa wenye krinumu na amarilisi ni kiwavi mweusi mwenye mikanda ya manjano. Mayai hutagwa kwa mkupuo, na viwavi wachanga huingia ndani ya jani lenyewe wakala nyama yake, hata jani likabaki ngozi mbili zinazopitisha mwanga. Ukiliinua dhidi ya jua utawaona humo ndani, pamoja na kinyesi chao cheusi. Ukichelewa wanateremka hadi kwenye tunguu, na tunguu likishaoza, hakuna dawa ya kulirudisha.

Jambo moja kwa wanaosoma ushauri wa mtandaoni: sehemu kubwa imeandikwa kwa ajili ya mbawakawa mwekundu anayewatesa watu wa Ulaya na Marekani Kaskazini. Ukiona mbawakawa mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi kwenye lili zako, muache. Huyo ni mwingine, anakula vidukari.

Vipimo nilivyotumia

Kila njia nimeiuliza maswali yale yale: inawafikia wadudu gani, inafanya kazi kwa kasi gani na kudumu kwa muda gani, inadai kazi na pesa kiasi gani, ina hatari gani kwa watoto, kuku, nyuki na samaki, na inavumilia vipi jua na mvua. Hilo la mwisho ndilo husahaulika. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, asubuhi zake ni baridi. Kisumu iko mita 1,100 na ushei, jua lake linachoma. Ukipanda kuelekea Vihiga na Kakamega, mvua hupenda kushuka alasiri au jioni, saa zile zile ambazo kila lebo inakushauri upige dawa.

1. Mkono na maji

*Wadudu:* Vidukari walio wazi, ukiwaangusha kwa maji ya nguvu, na viwavi wakubwa, ukiwaokota kwa mkono. Kwa kiwavi mweusi ni njia nzuri sana ukiwahi: kata jani lote lenye viwavi ndani, litumbukize kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Thripsi haiwagusi. Vidung'ata wachache unaweza kuwapangusa kwa pamba iliyochovywa spiriti ya hospitali.

*Kasi na kudumu:* Papo hapo, lakini hakibaki kitu cha kulinda mmea. Kidukari jike huzaa watoto hai bila kuhitaji dume, kwa hiyo wachache uliowasahau wanatosha kuanzisha ukoo mpya ndani ya wiki moja au mbili.

*Kazi na pesa:* Pesa hakuna, kazi ipo. Mashina kumi unayamudu kabla ya chai ya asubuhi. Bustani nzima ya kanisa, hapana.

*Usalama:* Hakuna njia salama kuliko hii. Kuku wa kienyeji watakusaidia na viwavi, ingawa watakuchimbulia matunguu pia.

*Jua na mvua:* Mwagilia kwa nguvu asubuhi ili majani yakauke mapema, kwani maji yakilala kwenye shina la arum huleta uozo.

*Inamfaa:* Mwenye mimea michache na macho ya kuikagua mara mbili tatu kwa wiki.

2. Maji ya sabuni

*Wadudu:* Wale wenye ngozi laini: vidukari, inzi weupe, utitiri, vidung'ata wachanga. Kiwavi mkubwa ataoga tu aendelee na safari.

*Kasi na kudumu:* Sabuni huua mdudu aliyelowa, tena wakati ule akiwa bado amelowa. Ikikauka kazi yake imekwisha. Ndiyo maana watu wanasema haifanyi kazi: wamenyunyiza juu ya jani na vidukari wako chini yake. Rudia kila baada ya siku nne hadi saba, angalau mara tatu.

*Kazi na pesa:* Vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji kwa lita moja ya maji, ndani ya chupa ya kunyunyizia. Sabuni ya kipande iliyokwanguliwa na kuyeyushwa inafaa vilevile. Sabuni ya unga ya kufulia iache, ina viungo vinavyounguza majani. Kama maji ya kisima chako hayatoi povu na yanaacha utando juu, tumia maji ya mvua.

*Usalama:* Salama kwa kuku na watoto. Nyuki atadhurika ukimlowesha, kwa hiyo usinyunyize ua ambalo tayari ana shughuli nalo.

*Jua na mvua:* Hapa Kisumu na Nakuru zinaachana. Jua la mchana wa Kisumu litaunguza jani lenye sabuni, kwa hiyo nyunyiza alfajiri, kisha suuza kwa maji safi baada ya saa moja au mbili. Nakuru jioni inafaa, kwani sabuni hukauka polepole na kuwashika wadudu kwa muda mrefu zaidi. Mahali popote, jaribu jani moja kwanza, usubiri siku mbili.

*Inamfaa:* Mwenye vidukari, basi. Kwa kazi hiyo sioni sababu ya kwenda agroveti kabla ya kumaliza sabuni iliyo jikoni.

3. Mwarobaini

*Wadudu:* Orodha ni ndefu: vidukari, inzi weupe, vidung'ata, thripsi, viwavi wachanga. Nguvu yake iko kwa watoto wa wadudu kuliko wazazi wao.

*Kasi na kudumu:* Polepole, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Kiungo chake kikuu humfanya mdudu achukie chakula na kumvurugia kujivua ngozi, hivyo hafi leo. Unaweza kumwona yuko palepale siku ya tatu, hali chochote, kisha wiki inayofuata hayupo. Asiyejua hilo huongeza dawa nyingine juu yake na kuharibu zote mbili.

*Kazi na pesa:* Mwarobaini hustawi kwenye joto, na ukanda wa ziwa kuanzia Kisumu hadi Homa Bay una miti ya kutosha. Watu huchemsha majani kama dawa ya malaria kisha wakanyunyiza mabaki kwenye maua, ila majani ni hafifu. Kiungo kimejaa zaidi kwenye kokwa ya mbegu. Twanga gramu 50 za kokwa kavu, loweka kwenye lita moja ya maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, weka matone machache ya sabuni ili dawa ishike jani, na uitumie siku hiyo hiyo. Mkazi wa Nakuru atanunua mafuta yaliyo tayari na kufuata kipimo cha lebo. Asishangae asubuhi ya Julai akikuta mafuta yameganda ndani ya chupa. Hiyo si dalili ya kuharibika. Aitumbukize kwenye maji ya vuguvugu yatayeyuka.

*Usalama:* Ni mpole kwa ndege na wanyama wa nyumbani, mradi asinywe mtu. Nyuki wako salama zaidi ukinyunyiza wakiwa wamerudi mzingani. Usinyunyize vyungu vya barazani siku ya wageni: harufu yake inashinda ya lili.

*Jua na mvua:* Jua huuvunja ndani ya siku chache, mvua huuosha. Unahitaji kurudia kila wiki.

*Inamfaa:* Mtu mvumilivu mwenye mchanganyiko wa wadudu na asiyetaka sumu kali karibu na nyumba. Hamfai anayehitaji maua ya harusi ya Jumamosi hii.

4. Pareto

Kama kuna dawa ambayo watu wa Nakuru wanaweza kuiita yao, ni hii. Maua ya pareto yanalimwa Molo na Kuresoi, kiwanda cha kuyasindika kiko Nakuru, na kwa miongo mingi ya karne iliyopita Kenya ndiyo iliyoongoza dunia kwa zao hili kabla ya kilimo chake kuporomoka. Hata hivyo unaweza kukuta agroveti ya mjini haina dawa ya pareto halisi, ina tu binamu zake za maabara. Soma jina la kiungo kwenye lebo. Likiishia kwa herufi "thrin", na si "pyrethrin" yenyewe ambayo ndiyo pareto halisi, hiyo ni ya maabara: inakaa siku nyingi zaidi kwenye jani, ni hatari zaidi kwa viumbe wengine, na inawamaliza wadudu wanaokula utitiri, ndiyo maana baada ya kuipiga utitiri huzidi badala ya kupungua. Kinachofuata ni kuhusu pareto halisi.

*Wadudu:* Karibu kila mdudu itakayemgusa, wakiwemo viwavi, mbawakawa na thripsi walio nje ya tumba. Aliye ndani ya tumba au ndani ya jani haifiki.

*Kasi na kudumu:* Mdudu huanguka ndani ya dakika. Kuanguka si kufa, wengine huzinduka kipimo kikiwa kidogo, ndiyo maana dawa nyingi za dukani huongezewa kiungo cha kuzuia mdudu kuivunja sumu mwilini. Jua huimaliza ndani ya saa chache.

*Kazi na pesa:* Ghali kuliko sabuni, na mara nyingi kuliko zile za maabara pia. Kwa chupa ya kunyunyizia na mimea ishirini hivi, hautatumia nyingi.

*Usalama:* Kwa binadamu na kuku sumu yake ni ndogo, ingawa wenye pumu au mzio wa maua wafunike pua na mdomo. Nyuki inamuua ikimgusa. Samaki ndio wasioistahimili kabisa. Na arum hupenda wapi? Kwenye mitaro na kingo za maji. Magharibi mwa Kenya kuna mabwawa mengi ya samaki nyuma ya nyumba, mengi yakichimbwa baada ya mpango wa serikali wa 2009. Kama arum zako ziko ukingoni mwa bwawa la ngege, njia hii iondoe kabisa kwenye hesabu.

*Jua na mvua:* Ipigwe jua likishazama. Upande wa Kakamega subiri jioni isiyo na mawingu mazito, vinginevyo unainywesha nyasi.

*Inamfaa:* Aliyevamiwa ghafla na anayetaka wadudu wapungue usiku huo huo, mahali pasipo na maji ya samaki.

5. Dawa ya kupenya

Hizi ni zile zinazoingia ndani ya mmea kupitia mizizi au majani, mdudu akinyonya utomvu anakunywa sumu. Imidaklopridi ndiyo maarufu. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye mazao ya nje ya nyumba za kioo mwaka 2018 kwa sababu ya nyuki.

*Wadudu:* Wanyonyao: vidukari, inzi weupe, na vidung'ata waliojificha ambako hakuna chupa ya kunyunyizia inayofika. Hapo haina mpinzani. Kwa viwavi ni dhaifu, na utitiri haiuui.

*Kasi na kudumu:* Siku kadhaa kuanza, kisha wiki nyingi za ulinzi.

*Kazi na pesa:* Kazi ni ndogo kuliko zote. Unaimwaga mara moja kwenye udongo na kuondoka. Bei ya chupa inaweza kukushtua, lakini kipimo kwa mmea ni kidogo. Nunua chupa iliyofungwa, yenye namba ya usajili wa Bodi ya Kudhibiti Viuadudu, PCPB. Usikubali kupimiwa kwenye chupa ya soda hata ikiwa nusu bei: watoto hawajui kusoma rangi ya kimiminika. Utepe wa rangi chini ya lebo unaonyesha ukali wa sumu: nyekundu ndiyo kali zaidi, ikifuatwa na manjano, buluu, kisha kijani.

*Usalama:* Sumu huingia hadi kwenye chavua na maji matamu ya ua. Agapanthasi ikichanua nyuki hujaa tele, na huko kando ya msitu wa Kakamega kuna wanaofuga nyuki wadogo wasiouma, ambao hawaendi mbali kutafuta chakula. Tatizo la pili ni mboga. Bustani zetu nyingi zina lili mbele na sukuma wiki hatua mbili nyuma yake, na mizizi ya sukuma haijui mpaka. Zile za chembechembe kuku huzidonoa wakidhani ni nafaka.

*Jua na mvua:* Ikishaingia kwenye mmea mvua haiiondoi, na hilo kwa magharibi ni faida ya kweli. Usiimwage tu siku mvua kubwa inakaribia, itasombwa hadi mtaroni.

*Inamfaa:* Mwenye mimea ya chungu au kitalu kilichojitenga, vidung'ata waliokwisha kuota mizizi, na maua ambayo yamekwisha kukatwa au bado miezi kadhaa yachanue.

Kulingana na hali yako

Una vidukari kwenye arum chache Nakuru: maji, kisha sabuni jioni, na ukate njia ya sisimizi kabla ya lolote. Bila hilo utakuwa unaosha vidukari huku walinzi wao wakiwalinda.

Una krinumu au amarilisi Kisumu na majani yameanza kuwa meupe yanayopitisha mwanga: kata majani hayo leo, wala usisubiri Jumamosi. Kwa watakaobaki, kuna dawa ya bakteria iitwayo Bt inayoua viwavi pekee bila kudhuru nyuki wala samaki. Sikuiwekea sehemu yake kwa kuwa haifanyi lolote kwa wadudu wengine, lakini kwa viwavi wachanga ninaiweka mbele ya pareto na mwarobaini. Lazima waile, kwa hiyo lowesha jani pande zote kabla hawajaingia ndani.

Maua yanaharibika yakiwa tumba na ukiyakung'uta wanatoka thripsi: hakuna njia moja itakayokutosha. Ondoa matumba yaliyoharibika, tundika kadi za buluu zenye gundi, nyunyiza mwarobaini kila wiki hadi kwenye udongo wa juu, maana wengi wao hushuka huko kubadilika. Pareto ya jioni inaweza kupunguza waliokomaa katikati ya ratiba hiyo.

Unauza maua ya kukata na huna muda wa kupoteza: wakulima wa waridi wa Naivasha wanafuga utitiri mwindaji unaokula utitiri mharibifu, lakini hiyo ni hesabu ya ekari na nyumba za plastiki. Kwa kitalu cha nyuma ya nyumba, pareto karibu na kuvuna na dawa ya kupenya baada ya msimu ni mpango unaotekelezeka, mradi mboga ziwe mbali.

Una watoto wadogo au kuku wanaozurura: baki kwenye njia tatu za kwanza. Mwenye paka ajue pia kwamba lili halisi za matunguu zenyewe, bila dawa yoyote, ni sumu kwa figo za paka.

Vidung'ata wamejaa hadi kwenye tunguu la mmea wa chungu: kama ni mmea wa kawaida, utupe ununue mwingine, ni nafuu kuliko chupa ya dawa. Kama ni wa kumbukumbu, ung'oe, uoshe tunguu, upangushe kwa spiriti, upande kwenye udongo mpya, na hapo dawa ya kupenya ina haki ya kuitwa.

Na kama majani yana mabaka ya kijani kibichi na manjano yasiyofuata njia ya mdudu yeyote, maua yakitoka yamepinda, huenda vidukari wamekwisha kukuletea virusi. Huambukiza kwa kuchoma jani kwa muda mfupi tu, kwa hiyo hata dawa inayoua haraka mara nyingi imechelewa. Ng'oa mmea pamoja na tunguu lake uchome, osha kisu kabla ya kukatia mwingine, na jirani akikuomba vichipukizi mwambie asubiri vya shina jingine.